Kipimo Bila Swali

Ukishuka matatu Taj, hapa Nairobi, ukaingia ndani kuelekea Kware, hutembei sana kabla ya kukutana na kibao cha maabara. Jengo la Taj lenyewe lilibomolewa Septemba 2018. Jina limebaki midomoni mwa makanga. Vibao vya maabara navyo vipo, kati ya kinyozi na duka la M-Pesa, kila kimoja na orodha yake: malaria, taifodi, bruselosi, vidonda vya tumbo, sukari, mimba. Unaingia, unataja unachotaka kupimwa, unatoa damu, unalipa, unaondoka na karatasi. Mara nyingi hakuna anayekuuliza unaumwa nini.

Mdogo wangu alizunguka maabara hizo mwaka 2019. Alirudi na bahasha ya karatasi zenye mihuri, na miguu yake ikazidi kulegea. Kilichomnyanyua baadaye nacho kilikuwa kipimo, cha kupitisha umeme kwenye neva, ghali kuliko vile vya mtaani vikijumlishwa pamoja. Hata hivyo siandiki haya kuisifu mashine. Niliiona mashine ya aina moja ikitoa majibu yaliyotuacha gizani, kisha baada ya majuma ikatoa majibu yaliyobadilisha matibabu yote. Kilichobadilika katikati ni swali lililopelekwa kwake, na wakati lilipopelekwa.

Mimi ni fundi wa nguo. Mdogo wangu alikuwa akisukuma mkokoteni wa maji, mitungi ya lita ishirini ishirini, kutoka Kware hadi kwenye maghorofa ya mtaa wa Pipeline, na mteja akiwa juu anapandishiwa ngazi mtungi mmoja mmoja. Mtu wa kazi hiyo hajui miguu yake kwa sababu haimsumbui. Mwisho wa Juni aliharisha siku chache, akanywa maji ya chumvi na sukari, akapona, akarudi kazini. Katikati ya Julai alianza kulalamika ganzi kwenye nyayo. Kisha nikaona jambo lililonitisha kuliko ganzi: alikuwa akija kibandani kwangu, ndala ya kushoto ikamvuka mguuni, naye akaendelea kutembea hatua kadhaa bila habari.

"Dada, hii miguu ni kama si yangu," aliniambia.

Maabara ya kwanza ilisema taifodi. Kipimo cha Widal, kinachotumika sana mitaani, hutafuta kingamwili dhidi ya vijidudu vya ugonjwa huo, na kingamwili hizo zaweza kuwepo kwa mtu aliyeugua zamani au aliyepata vijidudu vya jamii ya karibu. Akadungwa sindano za taifodi. Maabara ya pili ikasema bruselosi, akaongezewa vidonge. Sukari ilikuwa sawa. Jirani mmoja alisema ni presha inapanda kupitia miguu. Mwingine akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna mwenye mkokoteni mwenzake aliyemwonea wivu. Kila mtu alikuwa na jibu mkononi. Wakati huo ngazi za nyumba yetu zilikuwa zimemshinda, anapanda kwa kuvuta reli kwa mikono, na mikono yenyewe ikawa inaanza kuchoka.

Aliyeuliza swali la kwanza alikuwa afisa wa kliniki katika zahanati tuliyompeleka asubuhi moja ya baridi. Hakutoa damu. Alimwambia ainuke kwenye kiti bila kushika kitu, akashindwa. Akamwambia afumbe macho kwa nguvu, akajaribu kuyafumbua kwa vidole. Akauliza kama mkojo unatoka vizuri, kama mgongo unauma, kama kuna mahali mwilini ambapo hisia zinakatika ghafla. Akauliza kama aliharisha au alikohoa mwezi uliopita. Halafu akatoa nyundo ndogo ya mpira, akamgonga chini ya goti. Mguu ukatulia. Goti la pili, kimya. Vifundo vya miguu, kimya. Akanigeukia, akaniomba ninyanyue upindo wa gauni kidogo, akanigonga mimi. Mguu wangu ukaruka wenyewe.

"Umeona tofauti, mama?" akasema. "Huu udhaifu uko pande zote mbili, umeanzia chini, unapanda, umechukua siku chache, na magoti hayajibu. Kiharusi hakiji hivi. Mpeleke hospitali kubwa leo, si kesho. Ninachoogopa si miguu, ni pumzi."

Nyundo ile ya bei ndogo ilikuwa imelifinya tatizo kutoka mwili mzima hadi mahali pamoja: neva zinazotoka kwenye uti wa mgongo kwenda kwenye viungo.

Wodini nilijifunza kwa nini aliogopa pumzi. Jioni muuguzi alikuwa akimwambia avute hewa yote anayoweza kisha ahesabu kwa sauti, bila kupumua tena, mpaka hewa iishe. Moja, mbili, tatu, nne. Siku ya kwanza alifika 22. Iliyofuata, 19. Iliyofuata, 16, na sauti ya namba za mwisho ilikuwa mkwaruzo. Muuguzi aliandika kila namba kwenye chati na mashine ya kupumulia ikawekwa tayari. Kati ya wagonjwa wa hali hii, mmoja kati ya wanne au watano huishia kuhitaji mashine hiyo. Namba ya mdogo wangu ilisimama kwenye 15, ikakaa hapo, na hatimaye ikapanda. Katika siku zile hakuna chombo cha umeme kilichonipa habari niliyoihitaji kuliko kuhesabu kule.

Ugonjwa waliomshuku ulielezwa zamani. Jean Landry, daktari wa Ufaransa, aliandika mwaka 1859 juu ya kupooza kunakopanda kutoka miguuni. Mwaka 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Georges Guillain, Jean Alexandre Barré na André Strohl waliwaeleza askari wawili waliolegea viungo, wakapoteza ule mruko wa goti, na maji ya uti wao wa mgongo yakawa na protini nyingi ilhali chembe hazikuongezeka. Wawili wa kwanza ndio waliopewa jina la ugonjwa: Guillain-Barré. Strohl, ambaye ndiye aliyehusika na kurekodi misuli kwa umeme, jina lake lilisahaulika. Huku kwetu si ugonjwa mgeni pia. Mwaka 1988 Bahemuka alichapisha uchambuzi wa wagonjwa 54 wa Guillain-Barré nchini Kenya, na kule Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, William Howlett na wenzake waliwachunguza wagonjwa wa kaskazini mwa Tanzania na kuwalinganisha na wa magharibi mwa Norwei.

Chanzo chake kinasikitisha kwa jinsi kilivyo cha kawaida. Takriban theluthi mbili ya wagonjwa hukumbuka kuharisha au mafua makali katika majuma yaliyotangulia. Kijidudu kinachotajwa zaidi ni Campylobacter jejuni, anayekaa kwenye utumbo wa kuku na kusambazwa na nyama isiyoiva au maji yaliyochafuka. Ngozi ya kijidudu huyo ina sukari zinazofanana na zile zilizo juu ya neva zetu. Kinga ya mwili inamshambulia adui, inashinda, kisha inaendelea kuwapiga waliovaa nguo za adui. Ndiyo maana mtu anapona tumbo kwanza, halafu analegea. Ndiyo maana pia dawa ya kuua vijidudu, hata ikidungwa mara ngapi, haimsaidii mtu aliyefika hatua ya kulegea.

Daktari wa wodi alitaka kumtoa maji ya mgongo. Mama, aliyekuwa amefika kutoka Kitui usiku, alikataa katakata. Alikuwa amemjua mtu aliyetolewa maji hayo akafa. Daktari hakubishana naye. Alivuta kiti, akaketi, akamwambia, "Mama, wanaofika kutolewa maji mara nyingi ni wale walio mahututi tayari, ndiyo maana inaonekana sindano ndiyo iliyowaua. Huyu kijana nataka kujua mambo mawili. Protini ikiwa juu na chembe zikiwa chache, shaka yangu inapata nguvu. Chembe zikiwa nyingi, natakiwa nitafute kitu kingine, pamoja na virusi vya UKIMWI." Mama akauliza, "Na usipopata chochote?" Daktari akasema, "Nitajua kwamba ni mapema. Wiki ya kwanza yaweza kuwa sawa kabisa na ugonjwa upo." Mama akakubali. Nadhani alikubali kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu aje, mtu alimwambia kila jibu litampeleka wapi.

Kipimo cha neva hakikuwepo pale. Tulipelekwa kwingine kwa ambulansi. Chumba kilikuwa kidogo, na mpimaji akaanza kwa kuziloweka nyayo za mgonjwa kwenye beseni la maji ya moto. Nilidhani ni huruma, Julai ya Nairobi ina baridi. Akanieleza kwamba neva yenye baridi hukimbiza umeme polepole. Kila digrii moja ikishuka, mwendo unapungua kama mita mbili kwa sekunde. Mguu ukipimwa ukiwa barafu, mtu mzima ataonekana mgonjwa. Alipima joto la ngozi, na mpaka mguu ulipopita digrii 30 hakugusa mashine. Akamfuta mafuta ya kujipaka, kwa sababu elektrodi huteleza.

Kisha akabandika hizo elektrodi, vipande vidogo vya kunasa umeme, juu ya wayo, kwenye msuli mdogo unaonyanyua vidole, akashika kifaa chenye ncha mbili, akakiweka mbele ya kifundo cha mguu. Tak. Vidole vikaruka. Mdogo wangu akatoa tusi, akaomba msamaha. Umeme wenyewe ni wa sehemu ndogo sana ya sekunde. Unaudhi, haudhuru, ingawa mwenye kifaa cha umeme cha kusaidia moyo lazima aseme mapema. Akahamia pembeni mwa goti. Tak tena. Baadaye akatoa futi, futi ile ile ya kitambaa iliyokuwa shingoni mwangu, akapima kutoka alama ya kifundo hadi alama ya goti.

Hapo ndipo nilipoelewa kipimo chote. Ni hesabu ya shule ya msingi: umbali ugawanywe kwa muda. Mashine inapima muda ambao umeme unachukua kutoka kifundoni hadi kwenye msuli, na muda kutoka gotini. Ukitoa mmoja kwenye mwingine unabaki na muda wa safari ya kati. Neva ya mguu wa mtu mzima hukimbiza umeme zaidi ya mita 40 kwa sekunde, ya mkono zaidi ya 50. Mjerumani Hermann von Helmholtz ndiye aliyefanya hesabu hiyo kwanza, mwaka 1850, kwa mguu wa chura, wakati ambapo mwalimu wake Johannes Müller alikuwa ameamini kwamba mwendo wa neva hautapimika kamwe. Wa chura ulikuwa mita 30 hivi kwa sekunde. Iliwachukua wataalamu karibu miaka mia moja zaidi, hadi miaka ya mwisho ya 1940, kuanza kupima neva za watu kwa njia inayofanana na hii ya leo.

Lakini mwendo ni sehemu moja tu. Mtu wa Kware haelezwi habari za waya: nyaya za sambaza, umeme wa kuunganishwa kienyeji, zinapita juu ya vichwa vyetu, nyingine zimechubuka plastiki, nyingine zimekatika. Neva nayo ina uzi wa ndani, aksoni, na ganda la mafuta juu yake, mayelini, lililopangwa vipande vipande ili umeme uruke kutoka pengo hadi pengo. Ganda likiliwa, umeme unaacha kuruka, unatambaa. Mawimbi yanafika kwa kuchelewa, yametawanyika, mengine yanaishia njiani. Uzi wa ndani ukifa, mwendo wa nyuzi zilizobaki waweza kuwa wa kawaida, lakini wimbi linalofika ni dogo, kwa sababu nyuzi zenyewe zimepungua. Tofauti hiyo ndiyo mashine inaiona, na nyundo haiwezi kuiona. Ganda hujirekebisha kwa majuma au miezi. Uzi uliokufa hukua upya polepole, kiasi cha milimita moja kwa siku, na mara nyingine haufiki.

Majibu ya kwanza yalikuja, nasi tukayasoma pale pale: mwendo sawa, ukubwa wa mawimbi sawa. Mjomba, aliyekuwa mweka hazina wa mchango wetu wa matibabu, aliuliza kile ambacho wote tulikuwa tunakifikiria. "Mashine imesema mzima. Sasa analala kitandani kwa nini?" Mtu mmoja wodini hata alidokeza kwamba labda kijana ana mawazo mengi.

Daktari aliichukua karatasi ile, akaweka kidole kwenye mstari wa chini ambao hatukuuangalia. Kipo kipimo ambamo umeme hupandishwa kutoka kifundoni hadi kwenye uti wa mgongo, ukageuka, ukarudi. Mwangwi wake huitwa wimbi la F. Kwa mdogo wangu mwangwi haukurudi. Akasema ugonjwa huu hupenda kuanzia kwenye mizizi ya neva karibu na mgongo, mahali ambapo vipimo vya kifundo na goti havifiki, na katika siku za kwanza hilo laweza kuwa ndilo pekee linaloonekana. "Ningekuwa nauliza, je, huyu ni mgonjwa, karatasi hii ingenidanganya," alisema. "Hilo lilishajibiwa na goti. Nilichouliza ni kama kuna chochote kinachopinga. Hakuna. Tunaanza dawa."

Dawa yenyewe, imunoglobulini, hutengenezwa kwa kukusanya kingamwili kutoka kwenye damu ya maelfu ya wachangiaji. Hupewa gramu 2 kwa kila kilo ya mwili, kwa kawaida zikigawanywa siku tano. Kijana wa kilo 60 anahitaji gramu 120. Kwa chupa za gramu 5, hizo ni chupa 24, na bei ya chupa moja ilipita mapato yangu ya mwezi. Njia nyingine, ya kuisafisha damu kwa kubadilisha plazma, ilithibitishwa na majaribio ya miaka ya 1980, na mwaka 1992 Waholanzi wakaonyesha kwamba imunoglobulini inafanya kazi kama hiyo. Hapakuwa na mashine ya plazma iliyo wazi. Chama changu kilivunja akiba. Wenye mikokoteni, akiwemo yule aliyesingiziwa uchawi, walitoa pato la siku. Kundi la WhatsApp la kijiji likajaa majina na tarakimu. Dawa ilitolewa kabla ya wiki mbili kupita, na haikungoja kipimo cha pili.

Kipimo cha pili kilifanywa mwanzoni mwa Agosti, na safari hii picha ilikuwa nyingine kabisa. Futi ilisoma sentimita 33 kutoka kifundo hadi goti. Muda wa safari milisekunde 12. Nikapiga hesabu kwenye simu: mita 27 na nusu kwa sekunde. Mwendo wa chura wa Helmholtz. Wimbi lililopigwa gotini lilifika dogo kuliko lililopigwa kifundoni, na limemeguka vipande. Lakini neva ya hisia inayopita nyuma ya kifundo ilikuwa nzima, ilhali ile ya hisia mkononi imeharibika. Mpangilio huo wa ajabu, alieleza mpimaji, huonekana sana kwenye Guillain-Barré ya kula ganda. Swali la safari hii lilikuwa ganda au uzi, na jibu likawa ganda. Daktari akatwambia tutarajie atembee, nasi tukaacha kukopa.

Agosti yote alikuwa akipanda. Alitoka hospitali na fimbo mbili, akabaki na moja, akaanza kunifungulia kibanda asubuhi. Halafu katikati ya Septemba kijiko kikaanza kumponyoka. Wiki iliyofuata akashindwa kuinuka kwenye kiti.

Kila mtu mtaani alisema ugonjwa umerudi, na dawa ni ile ile: mchango mwingine. Daktari alisema tusichange kwanza. Guillain-Barré hufika kilele chake ndani ya majuma manne. Mtu anayeendelea kudhoofika baada ya majuma manane, au anayeporomoka tena na tena, huenda ana ndugu yake wa taratibu, ugonjwa wa ganda usiokoma wenyewe, ambao Peter Dyck na wenzake wa Marekani waliueleza kwa kina mwaka 1975. Karibu mmoja kati ya wagonjwa ishirini wanaoanza kwa sura ya Guillain-Barré huishia huko. Na hapa ndipo majina ya magonjwa yanapogeuka kuwa pesa na uhai: prednisoloni haisaidii Guillain-Barré, ilhali kwa huyu ndugu wa pili ni miongoni mwa dawa za kwanza.

Kipimo cha tatu kilikwenda na swali hilo moja. Mashambulizi yamezimika na tunaona makovu, au bado yanaendelea? Neva zilizokuwa zimeanza kupona zilikuwa zimeporomoka chini ya zilivyokuwa Agosti, na ile ya nyuma ya kifundo iliyosalimika nayo sasa ilikuwa imefifia. Bado yanaendelea. Wakampima kifua kikuu, sukari na presha kwanza, kwa sababu prednisoloni huamsha vilivyolala. Wakamwanzishia dawa hiyo, vidonge vya shilingi chache.

Uso ulivimba, akawa na njaa isiyoisha, na usingizi ukamkimbia. Lakini kufikia Desemba alikuwa akitembea bila fimbo, na dozi ikashushwa kidogo kidogo kwa miezi mingi. Hasukumi mkokoteni tena. Kifundo cha kushoto hakikurudi chote. Anauza maji kwenye tangi karibu na nyumbani, na vijana wanaosukuma wakimwambia nyayo zinawafa ganzi, anawagonga magoti kwa upande wa kiganja. Nimemwambia hiyo si tiba. Anasema, "Dada, ni swali tu."

Tangu wakati huo nimesikia watu wengi wakisema Kware inahitaji mashine. Sipingi. Mashine za neva ziko kwenye hospitali chache kubwa, na wanaojua kuzisoma ni wachache zaidi. Lakini mashine ingewekwa kesho pale Taj, na bei yake ikaandikwa kwenye kibao chini ya taifodi, ingekuwa kipimo kimoja zaidi cha kununua. Ingewaambia wenye miguu baridi kwamba wanaumwa, na wagonjwa wa siku ya tatu kwamba ni wazima.

Kinachokosekana karibu nasi ni kile kilichokuja kabla yake: mtu wa kuuliza. Udhaifu wa pande mbili unaopanda kwa siku chache ni wa hospitali yenye mtu wa kuhesabisha pumzi, hata usiku, hata kama karatasi ya maabara inasema taifodi. Akiwa ni mtoto wa chini ya miaka 15, kuna sababu ya ziada ya kukimbia: kila mtoto anayelegea ghafla anatakiwa kuripotiwa na kutolewa sampuli mbili za choo ndani ya siku 14, ili polio isijifiche nyuma ya Guillain-Barré. Hilo si la vitabuni tu. Machi 2018 virusi vya polio vilipatikana kwenye maji taka ya Kamukunji, safari fupi ya matatu kutoka kwetu. Na maji yenyewe, pamoja na kuku wa kuiva mpaka mfupani, ni kinga ya bei nafuu kuliko chupa moja kati ya zile 24.

Kwa wanaoniletea barua ya kipimo kibandani kwangu niwasomee, maana sasa nimekuwa mtu wa kuulizwa, nina neno moja ninalorudia. Muulize aliyekiandika: majibu yakisema ndiyo, mtafanya nini? Yakisema hapana, mtafanya nini? Na je, leo ni mapema mno kupima? Mwenye kujua kazi yake hatakasirika, maana alishajiuliza hayo kabla ya kushika kalamu. Na kama majibu yote mawili yanaishia kwenye sindano ile ile, hiyo pesa ibaki mfukoni mwako. Utaihitaji siku utakapompata mwenye swali.